Alfred Nobel, mtu aliyetafuta namna ya kuituliza baruti

Jina la Nobel linajulikana vizuri Bukavu tangu mwaka 2018, Daktari Denis Mukwege alipopewa Tuzo ya Nobel ya amani. Lakini mwenye jina hilo alitajirika kwa kutengeneza baruti za kupasulia miamba.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 21 Oktoba 1833. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Saint-Petersburg, Urusi, ambako baba yake, Immanuel, alikuwa na kiwanda. Kijana huyo alisomea kemia, akavutiwa na nitrogliserini, kimiminika kilichovumbuliwa mwaka 1847 na Mwitaliano Ascanio Sobrero. Kilipasua mwamba kuliko baruti nyeusi ya zamani, lakini mshtuko mdogo uliweza kukilipua mikononi mwa mtu.

Tarehe 3 Septemba 1864, kiwanda cha akina Nobel mjini Stockholm kililipuka. Watu kadhaa walikufa, akiwemo Emil, mdogo wake Alfred, mwenye umri wa miaka 20. Serikali ikakataza kazi hiyo ndani ya mji. Alfred hakuacha: aliendelea juu ya chombo kilichofungwa katika ziwa Mälaren.

Alitaka baruti ilipuke pale tu mchimbaji anapotaka. Kwanza alitengeneza kiwashio kidogo cha kuilipua. Kisha akachanganya nitrogliserini na udongo laini unaofyonza, na mwaka 1867 akapata hataza ya dinamiti. Sasa wafanyakazi waliweza kuibeba na kuiingiza katika tundu lililotobolewa kwenye jiwe. Dinamiti ilitumika kutoboa njia ya reli ya Gotthard, Uswisi, yenye kilomita 15, iliyofunguliwa mwaka 1882.

Jambo moja lilibaki gumu: kujua mapema mwamba utavunjika vipi. Katika machimbo ya mawe, baruti ikizidi, mawe huruka mbali na nyumba za majirani hutikisika. Ikipungua, hubaki mawe makubwa yasiyoingia katika mashine ya kusaga. Kwa miaka mingi fundi alitegemea uzoefu wake.

Leo kompyuta zinaongeza msaada. Programu za akili bandia hupewa kumbukumbu za milipuko iliyopita: aina ya jiwe, kina cha matundu, umbali kati yake na kiasi cha baruti. Zikijifunza kutokana na hayo, hukadiria ukubwa wa mawe na nguvu ya mtikisiko kabla ya moto kuwashwa. Lakini kumbukumbu zikiandikwa vibaya, makadirio nayo hupotoka, na kuwaondoa watu karibu bado ni lazima.

Nobel alifariki San Remo, Italia, tarehe 10 Desemba 1896, bila mke wala mtoto. Katika wasia alioutia sahihi Paris mwaka 1895, aliacha sehemu kubwa ya mali yake kwa ajili ya tuzo, zilizoanza kutolewa mwaka 1901. Fedha iliyotokana na baruti ndiyo iliyoanzisha tuzo ambayo, miaka 117 baadaye, ilimfikia daktari wa Panzi.