Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya za Watoto

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, nchi ya Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Hata hivyo alisoma akawa daktari mpasuaji. Naye alikuwa Mkristo mwenye kuomba. Alipotaka kwanza kutumwa Afrika alikataliwa kwa ajili ya jicho lake. Lakini hakukata tamaa, na mwaka 1946 akafika Uganda.

Ikawa mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mwenzake Daktari Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto wa miaka mitano, ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Baada ya majuma machache, huko Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Ndipo akaanza kuuliza: Je, ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Akaandika barua kwa hospitali nyingi. Kisha mwezi wa Oktoba 1961 akaondoka Kampala kwa motokaa kuukuu, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri majuma 10, maili 10,000 hivi, wakapita Tanganyika hata Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa ulikuwa katika nchi za joto na mvua, wala si katika milima mirefu yenye baridi. Basi msomaji wa Ubaruku na aelewe: sisi tunakaa katika tambarare ya Usangu, penye mpunga na mbu, ndugu zetu wa milima ya Uporoto wana baridi.

Burkitt alidhani mbu ndiye achukuaye ugonjwa. Mwaka 1964 huko London, Epstein, Achong na Barr waliona virusi katika uvimbe uliotoka Uganda. Virusi hivyo huenea kwa mate, na karibu watu wote duniani wanavyo. Kwa nini basi si wote wauguao? Kwa sababu malaria ya mara kwa mara huudhoofisha mwili wa mtoto, na virusi hupata nafasi. Hivyo mbu ana sehemu yake, ila si ile aliyoidhani Burkitt. Tena wataalamu wameona kwamba utomvu wa mnyaa, mti wa ua, waweza kuamsha virusi vilivyolala katika damu. Utomvu huo huunguza macho na ngozi pia. Watoto wasiuchezee, wala usitiwe kinywani kama dawa.

Wengine husema mtoto alipigwa tu, au ni jino bovu. Sivyo. Meno hulegea kwa sababu uvimbe u chini yake; ukiling'oa jino, uvimbe hubaki nao huzidi upesi. Burkitt mwenyewe aliwatibu watoto kwa dawa kali za saratani, wengine wakapona kabisa. Hata leo wengi hupona wakiwahi.

Alirudi Uingereza mwaka 1966, akafa mwaka 1993, na ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake. Basi, mzazi au mwalimu uonaye shavu la mtoto linavimba na meno yakilegea, usingoje mavuno yaishe. Mpeleke hospitali upesi, na usiku umlaze ndani ya chandarua.