George Clark: Mwalimu wa Shule na Mifupa ya Dodo

Walimu wengi wanaopelekwa katika shule za mbali hudhani kwamba sayansi hutengenezwa katika miji mikubwa, na kwamba kazi yao ni kuipokea tu na kuwagawia wanafunzi. Katika makala hii twakusudia kueleza maisha ya mwalimu mmoja ambaye kazi yake yaipinga dhana hiyo, kisha tuone jinsi ya kuutumia mfano wake darasani.

George Clark alizaliwa Uingereza mwaka 1807. Mwaka 1837 alihamia Morisi, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilichoko zaidi ya kilomita 800 mashariki ya Madagaska. Huko alifundisha shule katika mji mdogo wa Mahébourg, pwani ya kusini-mashariki.

Kisiwa hicho ndicho kilichokuwa makao ya dodo. Dodo tumsemaye hapa si embe, bali ni ndege wa jamaa ya njiwa, mwenye kimo cha mita moja hivi, asiyeweza kuruka. Waholanzi walifika Morisi mwaka 1598, na haikupita miaka 100 kabla ndege huyo hajatoweka. Kufikia wakati wa Clark, mabaki yaliyojulikana na wataalamu yalikuwa vipande vichache tu, vilivyohifadhiwa Oxford, London, Copenhagen na Prague. Hata walikuwako watu walioshuku kama ndege huyo alipata kuishi. Mwaka 1848 Strickland na Melville walitoa kitabu kikubwa juu ya dodo, chenye picha za mifupa iliyojulikana.

Clark aliitafuta mifupa hiyo kwa miaka karibu 30, wala hakuipata. Linalotupasa kuliangalia ni namna alivyofikiri. Hakuchimba ovyo, bali aliichunguza ardhi kwanza. Aliona kwamba sehemu kubwa ya Morisi ni mawe ya volkeno, udongo mgumu, au udongo usio na kina, na kwamba mvua kubwa huchukua kila kilicholala juu yake. Akakata shauri kwamba kama mifupa ingalipo, basi itakuwa mahali pa chini, ambapo maji hukusanya tope.

Mwezi wa Septemba 1865 alipata habari kwamba vibarua wa shamba la Plaisance, mali ya Bwana de Bissy, walikuwa wakichimba tope la mbolea katika kinamasi kiitwacho Mare aux Songes, yaani dimbwi la magimbi, na kwamba wameona mifupa ya kobe. Clark alitambua mara moja maana ya habari hiyo: palipohifadhi kobe paweza kuhifadhi na ndege. Kwa idhini ya mwenye shamba aliwatuma vibarua katikati ya kinamasi, penye maji ya kina cha futi 3 hivi. Walipapasa topeni kwa miguu mitupu, wakatoa mfupa wa mguu wa dodo. Kisha aliamuru yakatwe majani yaliyoelea, yenye unene wa karibu futi 2, na chini yake ikaonekana mifupa ya madodo wengi. Mwaka 1866 alichapisha taarifa yake.

Hata hivyo haki yataka tuseme na upande wa pili. Harry Higginson, mhandisi wa reli, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza mifupa ikitengwa na vibarua, akaitia mfukoni na kumpelekea Clark ailinganishe na picha za kitabuni. Na kabla ya hao wawili, mikono ya kwanza kuigusa ilikuwa ya vibarua, ambao majina yao hayakuandikwa.

Mifupa mingi ilipelekwa London kwa Richard Owen. Katika maandishi yake ya 1866, Owen aliipanga ifuate umbo la mchoro wa kale, akapata ndege mnene aliyeinama kupita kiasi. Mwaka 1872 alijisahihisha. Clark alifariki mwaka 1873. Tangu mwaka 2005 wataalamu waliokichimba tena kinamasi hicho wameonyesha kwamba mifupa hiyo ina umri wa miaka 4,000 hivi, na kwamba wanyama hao walikufa papo hapo, walipokusanyika kutafuta maji wakati wa ukame.

Twajifunza nini sisi walimu? Kwanza, swali hutangulia jembe. Kabla ya kuwatoa wanafunzi nje, tuwaulize: baada ya mvua, vitu vilivyochukuliwa na maji hukusanyika wapi, na kwa nini? Kila kundi liandike jibu lake, kisha ndipo twende kukagua. Hapa hapana budi kuonya kwamba hatutawaingiza watoto kinamasini kwa miguu mitupu, kwa hatari ya kichocho; fimbo na ukingo wa mfereji vyatosha.

Pili, jibu la mwanafunzi lisilotimia lisidharauliwe. Clark alitazamia mifupa iliyochukuliwa na maji, kumbe wanyama walifia pale pale. Lakini hoja yake ndiyo iliyomfanya aelewe habari ya kobe, ambayo mwingine angaliipuuza.

Tatu, kitu chenyewe kiwe hakimu wa picha, kama ilivyompasa Owen.

Nne, daftari la darasa lionyeshe ni nani aliyeona nini, na siku gani. Mtoto aliyeokota kitu topeni asisahauliwe kwa sababu mwenzake ndiye aliyejua kukieleza vizuri. Vibarua wa Mare aux Songes wamekosa majina yao milele. Katika madarasa yetu jambo hilo tunaweza kulizuia kwa kalamu tu.