Abu Bakr ar-Razi na amana ya siri za wagonjwa

Mgonjwa anapoufunua mwili wake mbele ya tabibu, huifunua pia siri yake, na siri ni amana. Je, yafaa amana hiyo itumike kumponya mtu mwingine? Ijumaa ya leo tuyatazame maisha ya tabibu mmoja wa kale.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi alizaliwa yapata mwaka 251 Hijria (865 Miladia) katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo. Aliingia katika tiba akiwa mtu mzima, akaongoza hospitali ya Rayy na baadaye ya Baghdad. Katika falsafa maulamaa wengi walimpinga vikali, lakini katika tiba vitabu vyake vilisomwa kwa karne nyingi, kikiwemo kile alichotenganisha humo ndui na surua.

Ar-Razi alikuwa na ada ya kuandika. Alinakili dalili za mgonjwa, dawa aliyompa na matokeo yake, hata pale alipobabaika. Katika risala aliyomwandikia mwanafunzi wake alisisitiza kuhifadhi siri, kwani mtu huweza kumweleza tabibu maradhi ambayo amewaficha hata wazazi wake.

Alifariki yapata mwaka 313 Hijria (925) akiwa amepofuka, na karatasi zake zikabaki kwa dada yake. Wanahistoria wanasimulia kwamba waziri Ibn al-Amid alizinunua, akawakusanya wanafunzi wa marehemu wazipange. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kitabu cha al-Hawi. Mwaka 1279 kilifasiriwa kwa Kilatini huko Sicily, na mwaka 1486 kikapigwa chapa Italia. Manufaa yake kwa wanadamu hayana mfano.

Lakini humo wamo wagonjwa waliotajwa kwa majina. Mmoja alipatwa na homa zisizo na mpangilio, ar-Razi akasita kati ya aina mbili za maradhi, hadi usaha ulipotoka katika mkojo, ndipo akajua kwamba ni jipu la figo. Jina la mtu huyo limechapwa, na bado linasomwa baada ya miaka elfu. Sisi hatukulitaja hapa, wala funzo la kitabibu halikupungua hata chembe. Alimwamini tabibu wake. Hakumwamini waziri, mfasiri wala mpiga chapa.

Hapo ndipo penye mizani. Kuzichoma karatasi zile kungewadhulumu wagonjwa waliokuja baadaye. Kuzitoa zilivyo kulivunja sitara ya waliotangulia. Njia ya uadilifu ni kuitoa elimu na kumsitiri mwenye nayo.

Nchini kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Katika kijiji kama Kalemela, mkoani Simiyu, kufuta jina si kumsitiri mtu. Ukiandika kwamba ni mjane wa umri fulani, mwenye mapacha, anayetumia dawa fulani, majirani watamtambua kabla hujamaliza sentensi. Basi anayechukua daftari la zahanati kwa utafiti na aulize: ni lipi ninalolihitaji kweli, nani ataliona, na je, mgonjwa ameelezwa akaridhia?

Nasi wazazi tusikatae kila utafiti kwa hofu, kwani dawa tunazowapa watoto wetu zimetokana na habari za wagonjwa wengine. Tuulize, tuelezwe, ndipo turidhie. Na anayefanya kazi hospitalini asiyageuze maradhi ya watu kuwa mazungumzo ya barazani. Ar-Razi aliyaandika maradhi ili aponye. Wala hatujui kama angeridhia majina yale yatoke.

Wabillahi tawfiq.