Daktari John Kirk na Sumu ya Mishale

Ukitaja jina la John Kirk hapa pwani, wengi hukumbuka mambo ya Unguja na biashara ya watumwa. Lakini bwana huyu ana kisa kingine, nacho kinatugusa sisi ambao babu zetu waliwinda kwa upinde.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone hadi mto Zambezi. Wenyeji wa huko walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Kirk akachukua kidogo aichunguze, akaitia mfukoni, na kumbe mswaki wake ulikuwa mfuko uo huo! Siku moja alipopiga mswaki, lo, mdomo ulikuwa mchungu ajabu. Akajipima mapigo ya moyo, akakuta yamepungua. Mwingine angesema amerogwa. Yeye aliukumbuka mswaki. Bahati yake ilikuwa chembe tu.

Huku kwetu, bara ya Malindi na Kilifi, Wagiriama na Waata, wawindaji hodari wa ndovu, walichemsha mti wa msunguti kwa saa nyingi mpaka ukatoa uji mweusi. Mti ni mwingine, lakini sumu hizi ni ndugu, na kazi yao ni moja.

Kazi gani? Kila msuli una seli zenye utando. Nje ya utando kuna ioni nyingi za sodiamu, ndani kuna nyingi za potasiamu. Unapopiga mpira, neva huleta habari, milango ya utando hufunguka, sodiamu huingia mbio, kisha potasiamu hutoka. Mshtuko huo hufungulia kalsiamu iliyowekwa akiba ndani ya seli, na msuli hujikaza. Baadaye lazima sodiamu na potasiamu zirudi mahali pake, na hiyo ni kazi ya pampu iliyo utandoni: hutoa sodiamu 3, huingiza potasiamu 2, bila kupumzika. Sumu ya mshale huikaba pampu hiyo. Moyo, ambao nao ni msuli, ndio huumia kwanza: sodiamu hujaa, kalsiamu huzidi, mapigo huvurugika, na ndovu mzima huanguka. Ikiwa kidogo sana, moyo hupiga polepole kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana Thomas Fraser wa Edinburgh aliifanya kombe kuwa dawa ya moyo.

Kirk alifika Unguja mwaka 1866. Mwaka 1873 alimbana Sultan Barghash mpaka akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Lakini tusimsifu kupita kiasi, kwani mashamba ya Malindi yaliendelea kulimwa na watumwa miaka mingi baadaye.

Alifariki mwaka 1922, pampu yenyewe bado haijulikani. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark aliikuta katika neva za miguu ya kaa, na baadaye akahakikisha kwamba ndiyo yenyewe kwa kutumia wabaini, sumu ile ile iliyomo ndani ya msunguti. Mwaka 1997 akapewa tuzo ya Nobel.