Victoria Mxenge: Muuguzi aliyegeuka wakili, akauawa mbele ya wanawe

KWA wakazi wengi wa Kahama na Shinyanga, Afrika Kusini ni nchi iliyofahamika kwanza kwa njia ya madini. Kampuni ya De Beers iliingia katika mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1958, baada ya kifo cha mwenye mgodi, John Williamson, na miongo kadhaa baadaye mitambo na wataalamu kutoka kusini vikawa jambo la kawaida katika ukanda wa dhahabu. Watu wa nchi hiyo hawafahamiki kwa kiasi hicho, ukiwaondoa Nelson Mandela na wachache wa kizazi chake. Miongoni mwa wasiotajwa sana yumo Nonyamezelo Victoria Mxenge, wakili na mama wa watoto watatu, aliyeuawa usiku wa Agosti 1, 1985.

Alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la King William's Town, mashariki mwa jimbo la Cape, akasoma hadi kumaliza sekondari katika shule ya Healdtown mwaka 1959. Kama ilivyokuwa kwa wasichana wengi Waafrika waliobahatika kufika huko, njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa ualimu au uuguzi. Akachagua uuguzi, na mwaka 1964 alihitimu katika Hospitali ya Victoria, Lovedale.

Mwaka huohuo aliolewa na Griffiths Mxenge, kijana wa kwao aliyekuwa mwanachama wa ANC na msomi wa Chuo Kikuu cha Fort Hare. Wawili hao walihamia Durban, ambako Victoria alisomea ukunga katika Hospitali ya King Edward VIII, kisha akawa muuguzi wa jamii katika kitongoji cha Umlazi.

Ndoa ilikuwa bado changa pale Griffiths alipokamatwa na kufungwa miaka miwili katika kisiwa cha Robben kwa kosa la kuendeleza shughuli za ANC, chama kilichokuwa kimepigwa marufuku tangu mwaka 1960. Mshahara wa muuguzi ndio uliobeba nyumba. Alipotoka gerezani aliwekewa amri za kumbana, lakini alirudi kwenye masomo ya sheria, akafuzu na kufungua ofisi ya uwakili mjini Durban.

Hapo ndipo Victoria alipofanya uamuzi ambao watu wengi wa umri wake, wenye kazi ya kudumu na watoto wa kulea, wasingeuthubutu. Akiwa bado muuguzi alijiandikisha kusoma sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA. Katikati ya miaka ya 1970 aliacha hospitali na kuingia katika ofisi ya mumewe kujifunza kazi kwa vitendo.

Inafaa kukumbuka tofauti ya mazingira. Mwaka 1975, hapa Tanzania, Julie Manning aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Wakati huohuo, katika jimbo la Natal alikoishi Victoria, sheria za kimila zilizoandikwa na wakoloni zilimhesabu mwanamke Mwafrika kuwa mtoto hata akiwa na wajukuu, asiyeweza kufanya mkataba bila idhini ya mwanamume. Mwanamke aliyetaka kusimama mahakamani akiwa wakili katika nchi ya namna hiyo alihitaji moyo mgumu kuliko vyeti.

Alisajiliwa kuwa wakili mwaka 1981. Furaha hiyo haikudumu.

Novemba 19 ya mwaka huohuo Griffiths hakurudi nyumbani kutoka kazini. Mwili wake uliokotwa karibu na uwanja wa mpira wa Umlazi ukiwa na majeraha yapatayo 45 ya visu, na koo limekatwa. Mbwa wa nyumbani kwake walikuwa wamekwisha kutiliwa sumu, na gari lake lilikutwa limeteketezwa karibu na mpaka wa Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini. Aliyekwenda chumba cha maiti kuutambua mwili ni mkewe. Kwa miaka mingi alikuwa amehudumia majeruhi, na hakuhitaji daktari wa kumfafanulia kilichofanyika.

Ofisi ile ingeweza kufungwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, mgeni katika taaluma, na waliomuua mumewe walikuwa hawajulikani. Hata hivyo, alitangaza kwamba kazi iliyoanzwa haitakoma kwa sababu ya mauaji, hata kama gharama yake ingekuwa uhai wake mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha marehemu na kuendelea na majalada yaliyoachwa mezani.

Wateja wake wengi walikuwa vijana. Aliwatetea waliodai kupigwa na kuteswa wakiwa mahabusu, akasimama pia upande wa wanafunzi waliogombana na idara ya elimu iliyozuia matokeo yao ya mitihani. Alianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana kwa jina la mumewe. Aidha, alijiunga na muungano wa United Democratic Front (UDF) ulioanzishwa mwaka 1983, ambako alikuwa mweka hazina katika Natal, na akafanya kazi katika umoja wa wanawake wa jimbo hilo. Shughuli zote hizo alizifanya huku akiwa mzazi pekee, na jioni akirejea Umlazi kwa watoto ambao tayari walijua maana ya mzazi kuchelewa kurudi.

Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa mawakili waliowatetea viongozi 16 wa UDF walioshitakiwa kwa uhaini katika mji wa Pietermaritzburg. Kati ya washitakiwa walikuwamo Albertina Sisulu na Archie Gumede. Katika nchi iliyokuwa ikinyonga watu kila mwaka, kosa la uhaini halikuwa la mzaha.

Julai 20 mwaka huo alisafiri hadi Cradock kwenye mazishi ya wanaharakati wanne, Matthew Goniwe, Fort Calata, Sparrow Mkonto na Sicelo Mhlauli, waliotekwa na kuuawa mwishoni mwa Juni. Mbele ya makumi ya maelfu ya waombolezaji alipanda jukwaani na kuyalaani mauaji hayo kuwa ni kitendo cha woga. Serikali ilitangaza hali ya hatari katika wilaya kadhaa kuanzia usiku huo.

Zilipita siku 12 tu. Usiku wa Agosti 1, Victoria alikuwa akiingia nyumbani kwake Umlazi wakati wanaume wanne walipomvamia. Walimpiga risasi na kumkata kwa shoka, wakatoroka. Watoto wake walishuhudia.

Durban ililipuka. Wanafunzi waligoma, ghasia zikasambaa hadi Inanda, ambako hata makazi ya Phoenix yaliyoanzishwa na Mahatma Gandhi yalichomwa moto. Watu wenye silaha waliivamia hadhara ya kumkumbuka marehemu ndani ya ukumbi wa sinema wa Umlazi, na damu nyingine ikamwagika. Alizikwa katika kijiji cha Rayi, King William's Town, kando ya kaburi la mumewe, mbele ya umati wa maelfu.

Viongozi wa UDF aliokuwa akiwatetea hawakupatikana na hatia. Desemba 1985 mashitaka dhidi ya 12 kati yao yalifutwa, na wanne waliobaki waliachiwa mwaka uliofuata.

Kuhusu kifo chake mwenyewe, mwaka 1987 hakimu alihitimisha kwamba aliuawa na watu wasiojulikana. Siri ya kifo cha Griffiths ilifichuka miaka miwili baadaye, pale Almond Nofemela, askari aliyekuwa akisubiri kunyongwa kwa kosa jingine, alipoeleza Oktoba 1989 kuwa alikuwa katika kikosi cha polisi cha mauaji kilichokuwa na kambi katika shamba la Vlakplaas. Kamanda wake wa zamani, Dirk Coetzee, alikiri hadharani mwezi uliofuata.

Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, familia ya Mxenge ilikuwa kati ya zile zilizokwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 kupinga utaratibu wa msamaha kwa wauaji. Ilishindwa. Mwaka 1997 Coetzee, Nofemela na mwenzao David Tshikalange walitiwa hatiani kwa mauaji ya Griffiths, na kabla hawajatumikia adhabu, Tume ya Ukweli na Maridhiano ikawapa msamaha. Huo ni uchungu ambao tume hiyo, iliyosifiwa dunia nzima, haikuupatia dawa.

Jina la Victoria limebaki mahali ambapo huenda mwenyewe angepapenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake maskini waliokuwa wakiishi katika vibanda pembezoni mwa Cape Town walianza kuweka akiba ya senti kwa senti, wakajifunza kuchora ramani na kufyatua matofali, na hatimaye wakajenga nyumba zao wenyewe. Mtaa huo wakauita Victoria Mxenge. Serikali nayo imelitoa jina lake kwa meli ya doria ya kulinda samaki, na mwaka 2006 ilimtunukia nishani ya Luthuli.

Kwa mauaji ya mumewe walau zilipatikana hukumu, ingawa zilifutwa na msamaha. Kwa mauaji yake yeye, hakuna aliyewahi kutiwa hatiani na mahakama.