Wojciech: Jina la Askari Asiyeshika Upanga

Wapendwa wana-ndoa, mtoto anapozaliwa huzuka mvutano katika nyumba nyingi. Baba ataka jina la ukoo, mama ataka jina la mtakatifu. Kabla hamjanuniana, sikilizeni habari za mtu aliyekuwa na yote mawili.

Wojciech, litamkwalo karibu na Voicheh, ni jina la kale la Waslavi ambalo Wapolandi wangali wakiwapa wana wao. Limeundwa kwa maneno mawili: moja ni askari, la pili ni furaha. Aliyelipa sifa alizaliwa mnamo 956 huko Libice, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, ukoo wa watawala. Alipokuwa akisoma Magdeburg, Ujerumani, Askofu Mkuu Adalbert alimpa Kipaimara pamoja na jina lake mwenyewe. Ndiyo maana Kanisa humwita Mtakatifu Adalbert. Lakini jina alilopewa na wazazi halikufutika.

Mwaka 983 alifanywa Askofu wa Prague. Aliwakemea wanaume wenye wake wengi na waliowauza Wakristo utumwani. Walimchukia, naye akaenda Roma kuishi kama mmonaki. Aliporudi, mke wa mtu mkubwa alishtakiwa uzinzi, na jamaa za mume wakataka kumwua. Askofu alimficha katika kanisa la watawa. Wakamtoa kwa nguvu, wakamwua. Askofu akaondoka tena kwa uchungu. Mwaka 995 ndugu zake wakauawa kwao Libice.

Je, alishika upanga kulipiza kisasi? La. Alikwenda Poland kwa mtawala Bolesław, kisha akaenda kuwahubiria Waprusi kando ya Bahari ya Baltiki. Aliwarudisha askari waliomsindikiza. Aliuawa tarehe 23 Aprili 997. Bolesław aliukomboa mwili wake kwa dhahabu, akauzika Gniezno.

Mwaona, ndugu zangu? Jina hilo la kinyumbani lilikuwa la vita. Maisha yake ndiyo yaliyolifanya takatifu. Basi kaeni chini, mchague pamoja, la ukoo na la mtakatifu, kisha mtoto aone kwenu namna ya kuliishi. Nawe mume, ukisikia fununu juu ya mkeo, mkumbuke yule mama wa Prague. Keti naye mzungumze. Mkono wako usiinuke.