Leo Baekeland, baba wa plastiki aliyeshinda povu

Leo Baekeland alizaliwa Ghent, Ubelgiji, tarehe 14 Novemba 1863, mtoto wa fundi viatu. Akiwa na miaka 21 tu, tayari alikuwa daktari wa kemia. Mwaka 1889 akaenda Marekani, akabaki huko. Mwaka 1899 aliuza karatasi yake ya picha, Velox, na pesa zikamtosha kufanya utafiti kwake nyumbani, Yonkers.

Hapo akashika fenoli na formaldehidi. Tangu 1872 wanakemia walijua kwamba ukipika hivi viwili pamoja, vinashika na kuwa kitu kigumu. Shida ilikuwa povu: kile kitu kilitoka na matundu, hakifai kazi. Wengine walipunguza moto. Yeye akauongeza, lakini ndani ya chombo kizito cha chuma kilichofungwa kabisa, ili mgandamizo uzuie povu. Ndivyo Bakelite ilivyopatikana, mwaka 1907. Ikatumiwa kwa simu, soketi za umeme, hata masanduku ya redio za zamani.

Kumbe siri haikuwa dawa mpya, ilikuwa kutawala joto na mgandamizo. Baekeland alikufa mwaka 1944, lakini kazi ni ile ile. Leo, viwanda vya vipande vya ndege, vya nyuzi na rezini, vinaweza kuweka vipimo vidogo ndani ya kalibu. Vinaonyesha joto, mgandamizo, na kama rezini imeshika, mbele kalibu haijafunguliwa.